Beberu kwenye IST

Abiria wangu wa kwanza Jumatatu ile alikuwa dada wa ofisini, nimemchukua Tabata Bima kumpeleka Posta. Kufunga mlango tu, akashusha kioo. Mvua ya masika inapiga, na upepo unaileta upande wake.

"Dada, utalowa," nikamwambia.

"Acha nilowe, kaka."

Tukaenda hivyo mpaka Buguruni, yeye kajikunja dirishani kama mtu anayetapika kwenye boti. Tukiwa kwenye foleni akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Samahani kaka yangu, kwani unafuga?" Nikamwambia sifugi. Akanyamaza. Nilipomshusha, sijageuza hata gari, nyota zikaingia kwenye simu: mbili.

Kwa sisi tunaoendesha teksi za mtandao, nyota mbili asubuhi ni sawa na kukutana na paka mweusi, ila hizi zina hesabu kabisa. Hata hivyo sikumlaumu. Nilikuwa nimelala na kuamka na ile harufu siku mbili, pua imeshazoea. Nilichojifunza cha kwanza ndicho hicho: mwenye gari hafai kutoa ushahidi juu ya harufu ya gari lake. Muite mtu mwingine, afungue mlango asubuhi kabla hujawasha injini, na umtazame usoni.

Sasa niwaambie harufu ilitoka wapi.

Jumamosi yake dada yangu alikuwa na akika. Mtoto wa kike, kwa hiyo mbuzi mmoja. Shemeji akanipa pesa niende mnada wa Pugu alfajiri, maana mimi ndiye mwenye gari. Kijana wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hapa kijiweni kwetu Kimanga aliniambia elfu arobaini kwenda na kurudi. Nikajiona mjanja. Gari langu IST, Toyota ndogo, viti vya nyuma vinalala, mbuzi ni mmoja, elfu arobaini ya nini? Nikatandika maboksi mawili ya televisheni na shuka kuukuu, nikaondoka.

Pale mnadani dalali alinionyesha maksai wawili wazuri, yaani madume waliohasiwa, halafu akanivuta pembeni kwenye dume moja jeusi, ndevu ndefu, kimo kikubwa kuliko wale maksai, na bei imepungua elfu thelathini. Watu wa bara mnaosoma hapa mmeshaanza kucheka. Mimi mtoto wa mjini niliona bahati. Tangu shule tumeambiwa mabeberu wako ng'ambo wanatunyonya, kumbe mmoja nampakia mwenyewe kwenye gari langu, na nimemlipia.

Kutoka Pugu hadi Majumba Sita beberu alifanya mambo matatu. La kwanza, alikojoa. Mkojo ulipita kwenye maboksi kama maji kwenye chujio, na kila nilipokanyaga breki ukawa unateremka mbele, kwenye sakafu ya nyuma wanapoweka miguu abiria, hadi chini ya viti vya mbele. La pili, alijifungua kamba ya miguu ya mbele, akasimama, akaanza kusugua kichwa darini. La tatu ndilo lililokuja kunitesa kuliko yote, na nitalieleza mbele, kwa sababu mimi mwenyewe nililigundua wiki kadhaa baadaye. Kuanzia Segerea hadi nyumbani alikuwa ameegemeza ndevu zake begani kwangu.

Akika ilikwenda vizuri. Nyama ilikuwa na harufu, lakini pilau la mama mkubwa lina mdalasini wa kuficha chochote.

Jumapili nikapeleka gari kwa vijana wa kuosha. Elfu kumi na tano, ndani na nje. Wakamwaga maji ya povu, wakasugua kwa brashi, wakanyonya na ile mashine yao, wakamaliza kwa kupuliza pafyumu ya stroberi na kuning'iniza kimti kwenye kioo. Nikaondoka nimefurahi. Saa sita mchana, jua limepiga gari, nikafungua mlango nikakutana na beberu aliyealikwa harusini.

Dada yangu aliposikia akasema dawa anayo. Sisi kwetu asili ni Pangani, na kwa dada yangu hakuna tatizo ambalo udi hauliwezi. Akaja na chetezo, makaa yamekolea, akakiweka sakafuni mwa gari, akapandisha vioo vyote. "Liache nusu saa." Kuja kufungua, kaa moja limeruka na kutoboa kapeti tundu la ukubwa wa shilingi mia, na harufu sasa ni tatu: stroberi, udi na beberu, na beberu ndiye aliyekuwa anaongoza dua. Ule udi nilimsamehe. Lakini nimwambie na mwingine anayetaka kujaribu: makaa yanayowaka ndani ya gari lililofungwa hutoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi, na mtu akiingia humo bila kupitisha upepo kwanza anaweza asitoke. Fukiza nguo, fukiza nyumba yenye madirisha wazi. Gari liache.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yetu, bwana mifugo mstaafu, aliyefanya kazi Dodoma na Singida miaka mingi kabla ya kuhamia Dar kwa wanawe. Alikuwa anapita na fimbo yake kwenda msikitini. Hatua tatu kutoka kwenye gari akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umempakia beberu wewe."

Sikuwa nimemwambia kitu. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akaegemea bonneti akanipa darasa ambalo hakuna mwosha magari aliyewahi kunipa.

Kwanza, akasema, humo ndani kuna harufu mbili, wewe unazipiga dawa moja. Harufu ya beberu mwenyewe hutoka kwenye tezi za ngozi, hasa nyuma ya pembe, na ni mafuta. Ndiyo maana alikuwa anasugua kichwa darini: alikuwa anapaka. Tena dume likiwa kwenye joto hujikojolea ndevu na miguu ya mbele makusudi, ndiyo manukato yake kwa majike. Maksai hana hayo, kwa kuwa akihasiwa homoni zinazoendesha zile tezi zinakatika. "Ndiyo maana maksai ni ghali, kijana. Unalipia amani." Mafuta hayatoki kwa maji matupu. Umewahi kuosha sahani ya nyama ya kuchoma kwa maji ya baridi bila sabuni? Basi, hivyo ndivyo vijana wako walivyofanya. Wameyatandaza.

Harufu ya pili ni mkojo, na huo una tabia nyingine. Mkojo ukiwa mbichi haunuki sana. Bakteria wanapouvunja ndipo inapotoka amonia, ile inayochoma macho bandani. Kwa hiyo siku ya kwanza unaweza kudhani umepona, siku ya tatu ndiyo unalia. Bakteria hao wanapenda unyevu na joto. Wewe umewapa vyote: umemwaga ndoo mbili za maji ndani ya gari, msimu wa masika, ukafunga milango.

Akaniuliza kama niliinua kapeti. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akaenda zake kuswali.

Usiku ule nikafanya jambo ambalo mke wangu hulisimulia kila tukipata wageni. Kuna wakala wa pesa mtaani kwetu ana kile kitochi cha mwanga wa zambarau cha kutambulia noti bandia. Nilikuwa nimesikia kwamba mkojo ukimulikwa na mwanga wa namna ile unang'aa. Nikakiazima kwake, nikasubiri umeme ukatike (haukuchelewa), nikaingia garini gizani, nikamulika. Gari zima likawaka kama diskoteki. Viti, milango, kapeti, mpaka usukani. Nikashtuka: huyu mbuzi alikuwa mmoja au kundi?

Kumbe ni sabuni. Sabuni nyingi za unga za kufulia zina kemikali ya kufanya nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi, nayo inang'aa vilevile chini ya taa ile. Wale vijana walikuwa wamenipaka sabuni ya unga gari zima na hawakuisuuza. Kwa hiyo kama unataka kutumia kitochi cha noti, mulika kabla ya kuosha. Mimi ilibidi nirudi kwenye njia ya zamani, magoti chini, pua kwenye kapeti, sentimita kwa sentimita. Majirani walinipita hivyo saa mbili asubuhi.

Siku iliyofuata nikazima programu, nikajitangazia likizo. Nikachomoa waya wa betri kwanza. Hili ni muhimu kwa gari lenye mifuko ya hewa ubavuni mwa viti: chini ya kiti kuna soketi za njano, na soketi za njano hazichezewi betri ikiwa imeunganishwa. Chomoa, subiri dakika kadhaa, ndipo ushike spana. Viti vya mbele vimeshikwa na bolti nne nne za namba 14. Za kwangu mbili zilikuwa zimeanza kutu, na nilipoona kutu ile nikaelewa kwamba tatizo si pua tu. Mkojo una chumvi. Ukikaa juu ya bati la sakafu unalila taratibu, na wewe huku juu unanunua stroberi.

Kuinua kapeti ndiko kulikonifumbua macho. Juu, kapeti lilikuwa kavu, safi, hata la kupendeza. Chini yake kuna ile sufu nzito ya kijivu, kama blanketi la jela, inayozuia kelele na joto. Nikaibonyeza kwa kidole, maji ya rangi ya chai yakatoka. Harufu yake sitaielezea. Nitasema tu kwamba mwanangu wa miaka sita, aliyekuwa ananisaidia kushika bolti kwenye kikombe, aliweka kikombe chini taratibu akaingia ndani na hakurudi.

Ile sufu nilijaribu kuiokoa. Nikaisuuza, nikaianika kambani, mvua ikainyeshea, nikaianika tena. Siku ya tatu nikaitupa. Mafundi wa siti kule Ilala wakanikatia nyingine ya kufanana kwa bei ya safari mbili za kwenda uwanja wa ndege. Kama ningeanza na hilo ningeokoa siku tatu. Sponji au sufu iliyolowa mkojo hadi katikati, iliyokaa zaidi ya wiki, kwa maoni yangu haifai kubembelezwa.

Bati la sakafu nililifuta kwa maji ya siki, kikombe cha siki nyeupe kwa kikombe cha maji. Amonia ni ya upande wa magadi, siki ni asidi, zikikutana zinazimana. Nikasuuza kwa kitambaa chenye maji safi na kukausha papo hapo, kwa sababu siki nayo ukiiachia bati inaleta kutu yake. Kapeti lenyewe, likiwa nje ya gari, nililipiga siki ileile kwa chupa ya kupuliza, nikaliacha robo saa, nikasuuza kwa mpira wa maji, nikaliegemeza ukutani. Lilipokauka ndipo nikalimwagia bekingi soda, nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikaikung'uta.

Angalia mpangilio huo. Mtandaoni utakuta watu wanachanganya siki na bekingi soda kwenye bakuli moja, inafoka povu, wanafurahi. Lile povu ndilo kazi yenyewe inayopotea hewani: asidi na besi zimeshamalizana kabla ya kugusa uchafu, umebaki na maji ya chumvichumvi. Moja kwanza, nyingine baadaye.

Na Jik usiiguse kabisa. Mke wangu alinijia nayo kwa nia njema. Dawa ya kung'arishia ya klorini ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi inayochoma mapafu, na ndani ya gari, penye nafasi ya kabati, huna pa kukimbilia. Ukiacha hilo, itakubabua viti.

Hiyo ilikuwa habari ya mkojo. Mafuta ya beberu yalitaka dawa yake, na dawa yake ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile inayokata mafuta ya sufuria. Matone machache kwenye maji ya uvuguvugu, kitambaa kilichokamuliwa vizuri, unafuta, unageuza upande, unafuta, unasuuza kitambaa. Plastiki za milango, mgongo wa kiti, mto wa kichwa. Darini nilienda kama ninayemfuta mtoto mchanga, maana kile kitambaa cha juu kimegandishwa kwa gundi juu ya sponji nyembamba, na ukikilowesha sana kinaachia na kuanza kukuning'inia kichwani. Nimeona Noah moja hapa mjini imefungwa dari kwa pini za nguo.

Kukausha ndiyo ilikuwa vita ya kweli. Hii ni Dar, Aprili. Nikachukua feni ya sebuleni, nikavuta waya hadi uani, milango minne wazi, feni inapuliza mchana kutwa siku mbili, na familia ndani inajipepea kwa magazeti. Halafu nikaweka mkaa mkavu kwenye sufuria mbili mbovu, moja chini ya kila kiti cha mbele, wiki nzima. Mkaa wa kawaida wa jikoni hauna nguvu kama ule ulioandaliwa viwandani kwa kunyonya harufu, lakini unasaidia, na kazi ikiisha unapikia.

Nikarudi barabarani. Siku nne hakuna aliyeshusha kioo. Nikaanza kujisifu kijiweni.

Siku ya tano nikampakia kijana mmoja na mchumba wake, wamependeza, wanaenda Mbezi Beach. Askari walikuwa wengi njia ile siku hizo, nikawaomba wafunge mikanda. Tukafika salama. Saa moja baadaye maoni yakaja: "Gari safi, dereva mstaarabu, ila shati langu linanuka mbuzi kuanzia begani kwenda kiunoni."

Kuanzia begani kwenda kiunoni. Nikasoma mara tatu. Nikatoka nje na tochi, nikavuta mkanda wa kiti cha nyuma kulia mpaka mwisho wake. Sehemu ya juu, ile inayojikunja na kuingia ndani ya nguzo ya gari, ilikuwa na alama za meno. Hilo ndilo lile jambo la tatu. Kabla hajaja begani kwangu, beberu alikuwa ametafuna mkanda na kuufuta ndevu, mkanda ukajikunja ukaingia kwenye nyumba yake na mafuta yote, ukabaki humo gizani, mkavu, umehifadhiwa kama vitumbua kwenye hotipoti. Kila abiria aliyeuvuta alijipaka.

Kuuosha ni rahisi ukishajua. Unauvuta wote hadi mwisho, unaubana pale juu kwa kibanio cha nguo au koleo dogo usirudi, unaweka beseni kitini, unauloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, unausugua kwa mswaki wa zamani kwa kufuata mstari wa nyuzi. Maji yangu ya kwanza yalitoka kama supu ya utumbo. Maji ya tano yakatoka meupe. Usitumie dawa ya kung'arishia hapo, inadhoofisha nyuzi, na mkanda ndio unaokushika siku ya siku. Usiuachie urudi ukiwa na unyevu. Wangu ulikaa nje siku mbili umebanwa na kibanio cha nguo cha pinki, na abiria wa nyuma nikawaomba wakae kushoto.

Ukitaka kujua ni sehemu gani nyingine watu husahau, ni chujio la kiyoyozi. Kwenye gari langu liko nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea makaratasi mbele ya abiria: unakifungua, unabana mbavu zake mbili ndani, kinashuka chote, na hapo unaona kifuniko kidogo. La kwangu nilikuta limejaa manyoya meusi mafupi. Kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kilikuwa kimewashwa njia nzima kutoka Pugu, kwa hiyo kiyoyozi kilikuwa kinamvuta beberu, kinampoza na kunirudishia. Chujio jipya, na ukiwa hapo washa feni kwa nguvu na madirisha wazi dakika kumi.

Mwenzangu mmoja wa kijiweni, ana Succeed, alikuwa na harufu iliyokuja tu akiwasha kiyoyozi, akabadilisha chujio, haikutoka. Ilikuwa panya. Ameingia kwenye feni ya ndani akifuata makombo ya maandazi, akafia humo. Fundi alimtoa vipande vipande. Sina ushauri hapo zaidi ya kwamba dereva asile maandazi garini, na mimi mwenyewe nakula.

Sasa hivi natembea na vitu vichache kwenye buti: turubai dogo, magazeti, chupa ya siki iliyochanganywa, vitambaa viwili. Maana wanyama kwenye teksi hawaishi. Stendi ya Magufuli pale Mbezi, saa kumi na moja alfajiri, kila mgeni wa tatu ameshuka na kuku wa kienyeji aliyepewa na bibi. Kuku si shida, anakaa kwenye kapu, turubai chini, kingo zake nimezikunja juu kama sinia ili kisitoke kitu. Kama ana mbuzi, hata kitoto, namwonyesha kwa kidole walipo wa kirikuu. Kinyesi kikikauka kinatoka chenyewe, usikisugue kikiwa kibichi. Mbwa ninampakia, kwenye turubai, ila mbwa aliyelowa namwomba mwenye naye amfute kwanza.

Paka ndiye ninayemwogopa. Mama mmoja wa Mikocheni alikuwa anampeleka wake kwa daktari wa mifugo, dume ambalo halijahasiwa, ndani ya kikapu cha sokoni. Pale Mwenge pikipiki ikatukata mbele, nikafunga breki, paka akaogopa akakojoa. Mkojo wa paka una viambato vyenye salfa ambavyo wa mbuzi hauna, na siki peke yake ilifika mahali ikagoma. Mama yule, Mungu ambariki, alinipeleka mwenyewe kwenye duka la vifaa vya wanyama akaninunulia dawa ya vimeng'enya. Hivyo vinakula chanzo cha harufu badala ya kukifunika. Siri yake ni kwamba vinahitaji muda na unyevu: unalowesha mpaka ndani kabisa mkojo ulikofika, unafunika kwa plastiki, unaacha saa kadhaa, na unahakikisha hakuna sabuni wala siki iliyobaki hapo, maana zinaviharibu. Watu wengi wanapuliza mara mbili, wanafuta, wanasema dawa ni feki.

Kuna waliokuja kunishawishi niweke gari kwenye mashine ya ozoni, gesi ya kuua harufu. Inafanya kazi, nimenusa magari yaliyotoka humo. Lakini ozoni si hewa ya kuvuta, inakula mpira ikizidi, na kama ile sufu ya chini bado imelowa, harufu itakaa pembeni wiki moja halafu irudi na mizigo yake. Kwa pesa ile mimi ningenunua sufu mpya.

Juzi shemeji alinipigia. Idi ya kuchinja inakaribia, wanataka kuchangia mbuzi watatu, na amesikia gari langu siku hizi linanukia vizuri mno. Nikamtumia namba ya yule kijana wa kirikuu. Amepandisha, sasa ni elfu arobaini na tano.